Shikamoo Mzee, Umegonga Koni

"Shikamoo mzee, umegonga koni."

Kauli hiyo ilitoka jana jioni, katika kibanda cha gemu mjini Tarime, kwa mtoto wa darasa la nne ambaye hata runinga hakuwa akiitazama vizuri. Alikuwa anamenya muwa. Aliyeambiwa ni mwandishi wa makala haya, mtu mwenye leseni halali ya daraja D mfukoni, aliyekuwa ametoka Mugumu mchana uleule kwa barabara ya vumbi, akipishana na malori, mbuzi na bodaboda zilizobeba magodoro, asiguse hata kichaka. Akaitikia "marahaba", maana salamu haina kosa. Kwenye runinga yakajitokeza majibu ya mtihani: asilimia ambayo haitaandikwa hapa.

Kibanda kina runinga tatu. Mbili ni za mpira, na huko mtu mzima asiyejipenda ndiye anayethubutu kukaa. Ya tatu, ile ya pembeni yenye mstari wa kijani usiotoka, ndiyo ya magari, na ndiko kijana mwenye kibanda alikomwelekeza mgeni wake kwa upole wa kutia shaka. Sidii iliyokuwamo ni Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004, ikizunguka ndani ya PlayStation 2. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, ikapita milioni 150 duniani, na waliokuwa wakiitengeneza waliacha mwanzoni mwa 2013. Tarime haijapata taarifa hiyo. Gemu yenyewe ilipangiwa watu wazima: Marekani waliandika kwenye kasha miaka 17 na kuendelea, Ulaya wakaandika 18. Kwa hesabu hiyo, mle ndani walioruhusiwa kucheza walikuwa wawili, mwandishi na mwenye kibanda; na asiyeweza kucheza alikuwa mmoja.

Anayeijua San Andreas anajua kwamba CJ, mhusika wake mkuu, akishafika mji wa San Fierro, ulioigwa kutoka San Francisco, hukuta chuo cha udereva mtaa wa Doherty. Ni chuo cha ajabu. Hakina mwalimu anayefoka wala kitabu cha alama za barabarani. Kuna runinga tu ukutani inayoonyesha somo linavyotakiwa kufanyika, kisha mwanafunzi anatolewa nje kwenye uwanja wenye koni na kuachwa na dhamiri yake. Masomo ni 12. Asilimia 70 ni shaba na unaruhusiwa kuendelea. 85 ni fedha. 100 ni dhahabu. Mwenye shaba zote huegeshewa nje ya chuo gari liitwalo Super GT, mwenye fedha zote Bullet, na mwenye dhahabu zote Hotknife, gari la kizamani lenye injini wazi na rangi za moto. Watoto wa Tarime hulitaja kwa sauti ya chini.

Somo la kwanza ni kulizungusha gari palepale, nyuzi 360. Hilo mwandishi alilipita. Unabana kitufe cha mafuta na cha breki kwa pamoja, unakata usukani upande mmoja, huachii. Breki inazuia pua, matairi ya nyuma yanasaga lami bila kwenda popote, na tairi linalosaga halina nguvu ya kuzuia mkia usihame. Gari linajizungusha lenyewe. Hata kuku angepita, alisema mmoja wa watazamaji, na hakuna aliyempinga.

La pili ndilo lililoharibu jioni.

Maelekezo yake ni mafupi: nenda hadi koni ile pale mbele, izunguke kwa mserereko, rudi ulikotoka, simama. Mwanafunzi anapimwa muda, mahali aliposimama, pua ilikoelekea, na bodi kama imechubuka. Mwandishi aliondoka kwa kasi ya mtu mwenye uzoefu. Alipofika kwenye koni akavuta handibreki, kitufe cha R1, kwa ukakamavu uleule ambao humsaidia kila siku kwenye mlima. Gari likaendelea mbele, limenyooka, likipiga kelele, likapita koni, likapita uwanja, likafika mahali ambapo waliotengeneza gemu bila shaka hawakutegemea mwanafunzi afike. Akarudia. Safari hii alikata usukani, na gari likageuka ubavu mfano wa ng'ombe aliyekataa kuingia josho, likakaa hapo, haliendi wala halirudi. Akarudia tena na kuigonga koni. Halafu akaigonga kwa nyuma, jambo ambalo lilimshangaza hata mla muwa.

"Mzee, unakaba," kijana mwenye kibanda alisema. "Kata kwanza, ndiyo uvute. Ukishavuta, achia. Usikabe."

Maneno hayo machache yana fizikia yote ndani yake, na ni vizuri yafafanuliwe, maana hii ndiyo sehemu ya udereva ambayo watu wengi wenye magari wanakufa hawaijui. Wengine wanakufa kwa sababu hawaijui.

Tairi linalozunguka sawasawa na mwendo wa gari hushika ardhi kwa eneo dogo sana, lisilozidi sana kiganja cha mtu. Eneo hilo dogo ndilo linalosukuma gari, linalolisimamisha, na linalolizuia lisiende ubavuni. Tairi lililofungwa kabisa, likawa linaburuzwa, linapoteza kazi ya tatu: msuguano wote uliobaki unavuta kinyume cha mwendo, na wa kuzuia ubavu haubaki. Sasa, handibreki hufunga matairi ya nyuma peke yake. Ukiivuta gari limenyooka, mkia hauna sababu ya kwenda kushoto wala kulia, unapata moshi na mistari miwili myeusi. Ukiivuta baada ya kukata usukani, matairi ya mbele yameshauma lami yakielekea ndani ya kona, na mkia usioshika kitu unaendelea na safari yake ya zamani. Pua inabaki, mkia unapita. Hapo ndipo gari linageuka.

Ndiyo maana ya "kata kwanza".

"Achia" ni somo gumu zaidi. Gari la tani moja na nusu likishaanza kujizungusha halisimami kwa sababu tu dereva ameridhika. Anayesubiri hadi pua ielekee nyumbani ndipo aachie handibreki atajikuta ameshapita nyumbani, anatazama alikotoka kutazama. Inabidi kuachia mapema, gari likiwa bado limelala ubavu, matairi ya nyuma yaanze kuzunguka tena na kushika, usukani urudishwe upande wa pili kabla macho hayajaona haja ya kuurudisha, ndipo mafuta. Watoto wa kibandani hufanya hivyo bila kufikiri. Vidole vyao vinaachia kabla ya picha.

Na kabla ya yote hayo kuna ujanja ambao somo la kwenye runinga ya chuo halisemi: gusa kidogo breki ya kawaida, dakika ileile ya kukata. Uzito unakimbilia mbele. Abiria wa mchomoko wa kwenda Sirari, wale wanne wanaokaa siti ya nyuma ya Probox iliyoshonwa kwa watatu, wanalijua hili kwa vifua vyao kila dereva anapoona trafiki. Uzito ukienda mbele, matairi ya mbele yanakandamizwa na kushika zaidi, ya nyuma yanakuwa mepesi. Handibreki inakuta kazi nusu imekwisha.

Mwandishi aliyaeleza haya yote palepale kibandani, kwa sauti, pedi mkononi, gari likiwa limesimama kwenye koni. Watoto walimsikiliza kwa heshima kubwa. Alipomaliza, shilingi mia tano yake ilikuwa imemaliza muda.

Tuseme pia ukweli kuhusu pedi, si kwa kujitetea. Pedi halisi ya PlayStation 2, DualShock 2, ina vitufe vinavyopima nguvu ya kidole. Karibu vyote. Ukibonyeza kitufe cha mafuta kidogo, gari linapata mafuta kidogo. Ukikandamiza, linapata yote. Gemu kama Gran Turismo ziliutumia uwezo huo kikamilifu, na mtihani wa kona ndefu haupitiki bila kidole kinachojua kusitasita. Lakini pedi ya kibandani imepita mikono mingi. Mpira wa ndani umelika, na mahali pa R1 pamekatwa kipande cha kandambili cha rangi ya bluu, kikabandikwa. Kandambili haipimi nguvu. Kandambili inajua ndiyo na hapana. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabisa kwa anayetaka kupita mitihani migumu ni huu: fika mapema, kabla ya shule kutoka, uchague pedi.

Ushauri wa pili ni memori kadi, na hapa mwandishi anaomba kukasirika kidogo. Memori kadi ya mashine hiyo hubeba megabaiti 8. San Andreas huhifadhi humo kila ulichokipata. Bila kadi, ukizima umezima: CJ anarudi siku ya kwanza, juu ya kibaiskeli, hana chuo, hana San Fierro, hana chochote. Kibanda kilikuwa na kadi moja kwa runinga tatu. Mwandishi alirudi leo asubuhi, mapema kama alivyojishauri, akachagua pedi, akapita somo la pili kwa shaba, la tatu, na lile la nne ambapo tairi la mbele linapasuliwa na gari linalia likielekea upande wa tairi bovu, na dawa yake ni kuushikilia usukani kinyume huku ukipunguza mafuta polepole. Alifanya kazi nzuri. Umeme ukakatika. Uliporudi, ilibainika kwamba kadi ilikuwa imehamishiwa runinga ya mpira asubuhi ileile, imebeba ligi ya mtu.

Hakuna aliyeomba radhi. Kijana alisema, "Pole mzee, anza tu upya, si unajua sasa?" Na kweli, kwa mtoto wa darasa la nne kuanza upya ni starehe. Mtu mwenye shughuli zake huchukulia tofauti.

Gran Turismo, sidii iliyokuwa chini ya San Andreas kwenye lundo, ina historia ndefu zaidi ya kuwatesa watu kwa mitihani. Kazunori Yamauchi na wenzake walihangaika nayo karibu miaka mitano kabla ya kuitoa Japani Desemba 1997, na wakaja na wazo ambalo hakuna mchezaji aliyeliomba: huwezi kuingia mashindano makubwa mpaka ufaulu leseni. B, kisha A, kisha ya kimataifa. Mtihani wa kwanza wa leseni ya B ulikuwa kuondoka, kukimbia mstari ulionyooka, na kusimama ndani ya eneo lililochorwa. Basi. Watu walifeli. Walifeli kwa sababu ileile inayowafelisha madereva wa barabarani: macho yanatazama mwisho wa safari badala ya kutazama mahali pa kuanzia breki. Anayefaulu huchagua kitu ukingoni, kibao, kivuli, mwanzo wa ukuta, na kila mara hubana breki palepale. Akizidi, mara ijayo anabana mapema kwa urefu wa gari moja. Si kipaji, ni ubahili.

Kwenye kona kuna hesabu inayopendeza zaidi. Mshiko wa tairi una kikomo, na kikomo hicho kinagawanywa kati ya kusimama na kugeuka. Mtu angedhani ukitumia asilimia 80 kwa breki unabaki na 20 za kugeuza. Sivyo. Nguvu hizi mbili zimekaa pembe mraba, kwa hiyo hesabu yake ni ile ya Pythagoras tuliyokaririshwa bila kuambiwa ya nini: ukitumia 80 kwa breki, unabaki na 60 za kukata kona. Ukitumia 100, unabaki na sifuri, na gari linakwenda moja kwa moja kwenye changarawe hata kama usukani umeukata hadi mwisho. Mtihani mgumu hupitwa na anayepunguza breki taratibu kadiri anavyoongeza usukani, akibadilishana moja kwa nyingine. Wachezaji wanaofikia dhahabu hufanya hivyo kwa vidole viwili. Jann Mardenborough wa Uingereza alianza kwa vidole viwili, akashinda shindano la GT Academy mwaka 2011 na kupewa gari la kweli. Mwaka 2013 akashika nafasi ya tatu katika daraja lake kwenye Saa 24 za Le Mans. Mwaka 2023 wakamtengenezea filamu. Pedi yake, inaaminika, haikuwa na kandambili.

Toleo la nne la Gran Turismo, lililotoka Japani Desemba 2004, lina misheni 34, na ya mwisho inatajwa na wachezaji kwa namna watu wanavyotaja msiba. Unapewa Mercedes-Benz SLR McLaren, zito na lenye nguvu kupita kiasi, Nürburgring, njia ya milimani Ujerumani yenye urefu wa kilomita 20.8, uyafukuze magari yaliyotangulia. Ukigonga, mashine inakushusha hadi kilomita 50 kwa saa kwa sekunde 5, na kwenye mbio sekunde 5 za namna hiyo ni maisha. Mwandishi hakuona ukali wa adhabu hiyo. Kilomita 50 kwa saa ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kuna madereva wa watalii wa Mugumu ambao, kwa sheria za Yamauchi, wametumikia adhabu tangu waajiriwe.

Aliyewahi kucheza Driver, ya mwaka 1999, atasema hayo yote ni mepesi. Gemu ile ilimfungia mchezaji ndani ya gereji ya chini ya ardhi, ikampa sekunde 60 aonyeshe mbinu tisa, nyingine kwa kinyumenyume, kabla ya kumruhusu kuuona mji. Wapo watu walioinunua wasiwahi kuona jua lake.

Kwa vumbi, walimu wako karibu zaidi. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi sifa yake kubwa haikuwa nani alishinda bali nani alifika. Mwaka 1963 yalifika magari 7 tu. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mara zote mbili ndani ya Peugeot 404, gari ambalo babu wa mtu yeyote wa mkoa wa Mara aliwahi kupanda akienda hospitali. Ndani ya somo hilo kuna mbinu inayofaa mitihani yote yenye udongo: usishindane na njia, ibembeleze.

Ila udongo una hila zake. Kwenye lami, tairi lililofungwa huchelewa kusimama. Kwenye kokoto zisizoshikana huweza kusimama mapema, kwa sababu linazilundika mbele yake na kujijengea kizuizi. Shida ni kwamba muda huo wote gari halisikii usukani. Mwenye kujua hubana kwa nguvu akiwa amenyooka, kisha huachia kabisa kabla ya kukata. Gemu za rali zinaliiga jambo hili vizuri. WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari ya Kenya ndani yake, vumbi la fesh-fesh na twiga wake, kwa kuwa mashindano ya dunia yalipangwa kurudi huko mwaka ule baada ya kukosekana tangu 2002. Korona ikayafuta. Yakafanyika Juni 2021, Naivasha, na Thierry Neuville aliyekuwa akiongoza akavunjikiwa na sehemu ya gari siku ya mwisho, Sébastien Ogier akachukua ushindi. Kwa hiyo mwaka mzima wa 2020, Safari pekee ya ubingwa wa dunia iliyokimbiwa ilikimbiwa sebuleni.

Watu wa Serengeti hawana haja ya sebule. Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha iliamua kwamba kupitisha barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi ni kinyume cha mkataba wa Jumuiya, kwa ajili ya nyumbu na mazingira yao. Uamuzi wenyewe una sababu nzito. Lakini mpenda rali anaweza kuusoma namna nyingine.

Matukio mengine baada ya kuanza upya si ya kurefusha. Somo la kupindua gari hewani lilimalizikia juu ya paa. Somo la kupenya mji na kurudi ndani ya dakika 2 bila mkwaruzo lilishindikana kwa sababu San Fierro wanaendesha kulia na mkono wa Mtanzania unakwenda kushoto wenyewe. Na barabarani, akitafakari Pythagoras, mwandishi alipigwa tochi kwenye kibao cha 50 na kulipa shilingi 30,000. Dereva wa lori aliyekuja mbele alikuwa amemmulika taa mara mbili kumwonya, naye akadhani ni salamu.

Lakini kuna jambo la leseni. Ile iliyo mfukoni ilipatikana miaka iliyopita, katika mji usio na haja ya kutajwa, kwenye uwanja wa mpira wenye nguzo mbili za miti. Mtahiniwa alirudi nyuma kati ya nguzo. Mtahini alikuwa kwenye simu. Alipomaliza alisema "umepita" bila kuuliza amepita nini. Hakuna aliyempima breki. Hakuna aliyemwambia gari likianza kuserereka kwenye vumbi macho yatazame wapi. Alikariri alama za barabarani ambazo nyingine hajaziona mpaka leo, ikiwemo ya daraja linalofunguka. Sidii ya kunakiliwa ya mwaka 2004, iliyokwaruzika, imemwambia kwa asilimia, kila mara, kama alikosea muda, au mahali, au mwelekeo, na ikamrudisha mwanzo wa mstari akiwa mzima.

Na yeye ni wa bahati. Vijana wanaobeba abiria kati ya Nyamongo na Tarime mjini, wengi wao hufundishwa pikipiki na rafiki jioni moja, na keshoye wana mteja nyuma. Somo lao la mserereko hutolewa na kokoto. Hakuna koni, hakuna shaba, hakuna kitufe cha kurudia. Kuna wodi ya mifupa, na mama anayeuliza nauli ya kwenda huko. Mtu anayetunga mitaala ya udereva angeweza kukaa nusu saa katika kibanda chochote cha gemu, akaona watoto wanavyofeli bila kuumia na kwa nini wanarudia kwa hiari, kisha akaenda kutafuta uwanja, koni na mwalimu mmoja mwenye subira. Gharama zake hazingefikia bei ya gari moja la semina.

Mitihani mipya nayo inawakimbia watu wa huku. Gran Turismo 7, ya Machi 2022, inataka intaneti hata kwa leseni. Mwezi uleule ilizimika kwa zaidi ya saa 30 duniani kote, na wenye mashine za bei ya pikipiki wakakaa wakitazama kioo. Kujiandikisha kwenye mtandao wa PlayStation kunataka uchague nchi. Lilipozuka zogo la gemu ya Helldivers 2 mwaka 2024, kuhusu kujiandikisha huko, ndipo wengi walipogundua kuwa barani Afrika nchi pekee iliyokuwa kwenye orodha ni Afrika Kusini. Anayetaka leseni ya B akiwa Mugumu sharti aape kwamba anaishi Johannesburg.

Mugumu, hata hivyo, wana kibanda chenye memori kadi mbili. Mwandishi alipita huko leo jioni, akaweka pedi sawa, akafungua kadi ya kwanza iliyokuja. Ilikuwa ya mtu mwingine, mtu asiyejulikana, mwenye vidole vya ajabu: masomo 12, dhahabu 12. Nje ya chuo, Doherty, Hotknife limeegeshwa, injini wazi, rangi zote za moto. Mwenye kibanda alikuwa anahesabu chenji. Mwandishi akaingia garini, akatoka taratibu, akakaa upande wa kulia, akasimama kwenye kila taa nyekundu huku magari ya nyuma yakimpigia honi, hadi shilingi mia tano ilipokwisha.